Binti anataka kuwa rubani wa kivita. Mwili wake utaweza, na kazi yenyewe itakuwepo?

Swali: "Assalaam alaikum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi hapa Malindi. Binti yangu wa pili yuko kidato cha tatu. Ni mwembamba, si mrefu, lakini hesabu na fizikia anazipenda na anazifanya vizuri sana. Ametuambia anataka kuwa rubani wa ndege za kivita. Babake anasema hiyo ni kazi ya wanaume wenye misuli, mwili wa msichana hautahimili. Mjomba wake anasema asijisumbue, siku hizi vita vinapiganwa kwa droni na marubani watabaki bila kazi. Nimsikilize nani?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Wote wawili wameshika kipande cha ukweli, ila babake anamzungumzia rubani wa mwaka 1940, na mjomba anamzungumzia rubani ambaye bado hajazaliwa. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwapima marubani afya na kuwaambia nani aruke na nani asubiri. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mtoto mwenye hesabu kama hizo hafai kufungiwa njia kwa maneno ya barazani.

Tuanze na mwili, maana huko ndiko hofu yenu iliko.

Rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikaa kwenye kiti kilicho wazi, upepo usoni, hana oksijeni, na mara nyingi hata mwavuli wa kuokolea maisha hana. Alihitaji macho makali, mikono yenye nguvu na moyo mgumu. Injini zilipoongezewa nguvu ndege zikapanda juu zaidi, na hapo kikomo kikawa mwili wa rubani. Kilele cha Mlima Kenya kiko mita 5,199. Ongeza mita mia tatu hivi juu yake, utakuta shinikizo la hewa ni nusu ya lile tunalovuta hapa ufukweni. Madaktari walilijua hilo kabla hata ndege hazijavumbuliwa. Tarehe 15 Aprili 1875, Wafaransa watatu walipanda kwa puto liitwalo Zénith hadi kupita mita 8,000. Oksijeni walikuwa nayo, imetundikwa karibu yao. Gaston Tissandier, aliyerudi hai, alieleza kwamba alitaka kuivuta lakini mkono haukuinuka, na hofu hakuiona hata kidogo. Alijihisi mwenye furaha. Alipozinduka, wenzake wawili, Crocé-Spinelli na Sivel, walikuwa wamekwisha kufa.

Furaha hiyo ndiyo inayoua. Kwenye chumba cha shinikizo wanakofunzwa marubani, hewa hupunguzwa mpaka ifanane na ya mita 7,600. Mwanafunzi huvua barakoa ya oksijeni, hupewa karatasi na kalamu, akaambiwa atoe saba kwenye mia na aendelee kutoa saba. Nimemtazama kijana mmoja akiandika 93, 86, 79 kwa mwandiko safi kabisa. Haukupita muda, namba zikaanza kupinda. Akaandika 72 mara tatu, kisha akachora mstari tu, huku anacheka, kucha zimegeuka rangi ya buluu. Mkufunzi akamwambia avae barakoa. Alisikia, akaitikia kwa kichwa, asiivae. Ikabidi avishwe. Sekunde chache baadaye aliitazama karatasi ile asiamini kuwa ni mwandiko wake. Katika urefu ule mtu ana dakika tatu hadi tano za akili timamu. Kwenye mita 10,700 hana hata dakika moja.

Hapo kazi ya rubani ikabadilika kwa mara ya kwanza. Ujasiri peke yake ukawa hautoshi, ikabidi rubani ajijue. Kila mtu ana dalili zake: mmoja vidole humwasha, mwingine huhisi joto, mwingine hukasirika bila sababu. Binti yako atapitishwa kwenye chumba kama kile ili ajifunze dalili zake, na ajue kutoziamini hisia zake zinapomwambia mambo ni shwari.

Sasa hilo la misuli. Zungusha ndoo ya maji kwa kasi, maji yatang'ang'ania kitako cha ndoo hata ikiwa juu chini. Ndege ya kivita inapokata kona kali, damu ya rubani hufanya vivyo hivyo: hukimbilia miguuni na kuuacha ubongo. Tunapima nguvu hiyo kwa G, yaani mara ngapi ya uzito wa kawaida. Kwenye G 9, binti wa kilo 50 anakuwa na uzito wa kilo 450. Mtu asiyefunzwa huanza kupoteza rangi za vitu kwenye G 4 hivi, kisha giza, kisha huzirai. Na akizinduka hajui mara moja yuko wapi, ilhali ndege inakwenda mamia ya mita kwa sekunde.

Aliyetafuta dawa ya jambo hili mapema alikuwa Wilbur Franks, mtafiti wa saratani kule Toronto. Alikuwa ameona kwamba mirija yake ya kioo inavunjika ndani ya mashine ya kuzungusha, lakini ukiizamisha katika chombo cha maji haivunjiki. Akashona suruali yenye maji ndani yake, ya kubana miguu na tumbo la rubani, na mwaka 1942 marubani wa jeshi la majini la Uingereza waliivaa vitani kaskazini mwa Afrika. Baadaye maji yakaachwa, ikatumika hewa inayojazwa na ndege yenyewe kila inapokata kona. Lakini suruali hiyo huongeza G moja au moja na nusu tu. Iliyobaki ni kazi ya rubani mwenyewe: kukaza mapaja, makalio na tumbo, kuvuta pumzi na kuibana, kisha kuitoa na kuvuta nyingine kwa haraka kila baada ya sekunde tatu, huku anapigana na kuzungumza kwenye redio. Ni kazi ya jasho. Kwa hiyo babake hajakosea kusema mwili una kazi yake. Miguu na shingo lazima viimarishwe.

Alipokosea ni pale anapodhani kwamba mwili huo lazima uwe wa mwanamume. Wanawake kwa wanaume wamepimwa kwenye mashine za mzunguko, na uwezo wao wa kustahimili G haukutofautiana. Kinachohusika zaidi ni umbali ambao damu inapandishwa kutoka moyoni hadi ubongoni, na kwenye hilo mtu mrefu hana la kujivunia. Nguvu za mkono nazo wahandisi wamezipunguzia kazi. Zamani rubani aliyekuwa kwenye kasi kubwa alivuta usukani kwa mikono miwili, nyaya za chuma zikivuta vibao vya mabawa na mkia. Ndege ya F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, iliweka kompyuta katikati. Usukani wake wa mwanzo haukusogea hata kidogo. Ulipima tu msukumo wa vidole, na kompyuta ikaamua ndege igeuke kiasi gani bila kuvunjika.

Nitakuambia waziwazi kwamba ndege hizi hazikutengenezwa zikimfikiria mtu kama binti yako. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani liliwapima marubani 4,063 ili lichonge chumba kimoja kitakachomfaa rubani wa wastani. Luteni kijana aitwaye Gilbert Daniels akachukua vipimo kumi, urefu, kifua, mkono na kadhalika, akauliza ni wangapi walio wa wastani katika vyote kumi. Hakupata hata mmoja. Maelfu ya watu walikuwa wamechongewa chumba cha mtu asiyekuwepo. Ndiyo sababu leo viti, mikanda na pedali husogezwa. Mimi huona ni ugunduzi mkubwa kushinda injini nyingi, kwa sababu ndio uliofungua mlango ambao wanawake walikuja kuupitia baadaye.

Na mlango haukufunguka wote. Kiti cha kujirusha nje ya ndege, ambacho Bernard Lynch alikijaribu kwa mwili wake tarehe 24 Julai 1946 huko Uingereza, kimeokoa maelfu ya marubani. Viti vya kampuni ya Martin-Baker pekee vimeokoa zaidi ya 7,000. Lakini kinamrusha mtu kwa nguvu inayobana uti wa mgongo, na pingili huweza kuvunjika. Mwaka 2015 Marekani iliwazuia marubani wenye chini ya kilo 62 kuendesha F-35, kwa kuwa kofia nzito ya ndege hiyo ingeweza kuwavunja shingo wakijirusha. Ilibidi kofia ipunguzwe uzito, kichwa kiwekewe kizuizi, na mwavuli ucheleweshwe kidogo kufunguka kwa rubani mwepesi. Zuio likaondolewa mwaka 2017. Msichana mwembamba akiambiwa "huwezi," aulize kwanza kama tatizo ni yeye au ni kiti.

Swali hilo lina historia nzuri sana. Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege kubwa za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado inakimbia barabarani, wanakunja magurudumu na kuilaza kwa tumbo. Ripoti ziliandika: kosa la rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, akaingia ndani ya chumba akatazama. Swichi ya magurudumu na swichi ya vibao vya nyuma ya bawa zilikuwa bega kwa bega, zimefanana. Mtu aliyekesha angani, amechoka, yuko gizani, ananyoosha mkono na kushika isiyo yake. Chapanis akabandika kigurudumu cha mpira kwenye moja na kipande chenye umbo la kabari kwenye nyingine. Tatizo likaisha. Haikuhitajika kumkaripia wala kumfukuza rubani yeyote. Ukiingia leo kwenye chumba cha karibu ndege yoyote inayokunja magurudumu, hata hizi zinazoleta watalii Malindi, utaona mpini wa magurudumu una umbo la gurudumu.

Hilo nalo liliibadilisha kazi. Daktari aliacha kuuliza "nani dhaifu?" akaanza kuuliza "nini kinamchosha, nini kinamdanganya?" Na kinachomdanganya rubani kupita vyote ni sikio lake mwenyewe. Mkalishe binti kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, afumbe macho, umzungushe taratibu kwa mwendo ule ule kwa nusu dakika. Atakuambia kiti kimesimama. Kisimamishe, ataapa kwamba kinazunguka upande wa pili. Maji ya sikio la ndani hayahisi mwendo usiobadilika. Sasa mtoe usiku usio na mwezi juu ya bahari, nje ya Ngomeni au Kipini, ambako mashua za wavuvi zina taa na mbingu zina nyota, na mstari kati yake hauonekani. Rubani mwenye macho mazima anaweza kuzidhani taa za mashua kuwa nyota, akapindua ndege huku moyoni ana hakika kwamba anainyoosha. Tarehe 24 Septemba 1929, Jimmy Doolittle, rubani wa jeshi aliyekuwa pia na shahada ya udaktari wa uhandisi wa ndege, alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea vipimo tu. Tangu siku ile rubani bora ni yule anayeviamini vipimo mwili unapopiga kelele kinyume chake.

Siku hizi mashine huingilia kati yenyewe. Tangu mwaka 2014, ndege za F-16 za Marekani zimewekewa mfumo unaopima njia ya ndege na ardhi iliyo mbele. Ukiona rubani hashughuliki, unaigeuza ndege na kuipandisha. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja huko Arizona alizirai akiwa katikati ya kona, ndege ikaelekeza pua chini. Mwalimu wake, aliyekuwa kwenye ndege nyingine, anasikika redioni akimwita avute juu. Mfumo ulivuta kabla yake. Kijana alizinduka akiwa hai.

Basi tufike kwa mjomba. Kama mashine inaweza kuvuta usukani, rubani wa nini?

Droni za Marekani zilianza kupiga makombora Afghanistan mwaka 2001, na wanaoziendesha wengi huketi Nevada. Tulitarajia, sisi madaktari, kwamba shida za rubani zingekwisha: hakuna G, hakuna baridi, oksijeni tele. Zikaja nyingine. Mtu anaangalia nyumba moja kwenye skrini kwa saa nyingi, siku baada ya siku, anawajua watoto wanaocheza uani, kisha anaamriwa kupiga, kisha anaambiwa aendelee kutazama ahesabu waliokufa. Saa mbili baadaye yuko nyumbani anaulizwa na mkewe kama amenunua maziwa. Usingizi huharibika, ndoa hutetereka, dhamiri huumia. Umbali umeulinda mwili ukauacha moyo wazi. Wala umbali wenyewe si kinga ya kila mtu: kule Manda, Lamu, tarehe 5 Januari 2020, shambulio kwenye uwanja wa ndege lilimuua mwanajeshi mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili, pamoja na kuteketeza ndege.

Mwezi Septemba 2023, huko California, ndege ya majaribio iitwayo X-62A ilipambana angani na F-16 yenye rubani huku ikiendeshwa na akili bandia. Waliokuwa ndani yake walikaa kwa usalama tu, hawakuhitaji kushika usukani. Kwa hiyo mjomba ana haki ya kuuliza. Lakini angalia majeshi yanakoelekea: rubani mmoja kuongoza droni kadhaa zinazoruka kando yake, akiamua ipi iende wapi na ipi isipige. Kupindua ndege ataiachia kompyuta. Kuamua kama lile gari kule chini ni la adui au la arusi, hilo sitaki kompyuta iamue, na naomba jeshi lolote lenye akili lisitake. Maamuzi hayo yanahitaji mtu mwenye hesabu, subira, na ujasiri wa kusema "hapana" redioni. Msichana uliyemweleza ndiye huyo.

Hata kama hatakaa kwenye usukani, ufundi huu una nafasi nyingi. Droni zile za Nevada huongozwa kwa setilaiti, na hapo jirani zetu Ngomeni wanajua setilaiti ni nini: tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mradi ulioanzishwa na Luigi Broglio, mhandisi aliyekuwa pia jenerali wa jeshi la anga la Italia. Mpeleke binti akaone mahali penyewe, kama watamruhusu kuingia.

Sitakuficha hatari. Tarehe 18 Aprili 2024 tulimpoteza Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, katika ajali ya helikopta, naye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita. Ajali zipo, na mama ana haki ya kukosa usingizi. Mwezi uliofuata Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Msomee babake habari hizo mbili kwa pamoja.

Mambo ya kufanya sasa. Apimwe macho, pamoja na kutofautisha rangi, kabla ya kidato cha nne. Akionekana anahitaji miwani msikate tamaa. Masharti yamekuwa yakibadilika, na jeshi la anga la Marekani tangu mwaka 2007 huwakubali waliorekebishwa macho kwa leza. Macho ya marubani yametusaidia sisi sote: mwaka 1940 rubani Mwingereza Gordon Cleaver alipigwa, vipande vya plastiki vya kifuniko cha ndege vikamwingia machoni, na daktari Harold Ridley akatambua kwamba jicho halivikatai. Mnamo Novemba 1949 akatengeneza lenzi ya plastiki hiyo na kuiweka ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Wazee wetu wanaofanyiwa upasuaji huo leo na kurudi kusoma msahafu wanatumia urithi wa jeraha lile.

Apimwe pia damu. Hapa pwani vinasaba vya selimundu, ambayo wengi huiita siko seli, ni vya kawaida kwa kuwa viliwakinga wazee wetu na malaria. Mwenye kinasaba kimoja, yaani AS, si mgonjwa. Hadi mwaka 1981 chuo cha jeshi la anga la Marekani kiliwakataa vijana wa namna hiyo, kisha kikaacha. Ni muhimu ajue hali yake mapema, na aulize sharti la hapa kwetu kwa watu wa jeshi wenyewe.

Masharti ya umri, urefu na alama ayasome kwenye tangazo la KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, la mwaka husika, asiyapokee kwa mtu wa tatu. Na akitokea yeyote anayedai pesa ili amsaidie kuingia, huyo ni tapeli, mripotini. Kwa sasa azidi kushika hesabu na fizikia, ajifunze kuogelea vizuri, na aanze mazoezi ya miguu na shingo polepole. Majibu ya damu yakija na AS, niandikie tena kabla hamjamwambia neno lolote la kumvunja moyo.